Kiangazi Lamu: Ukindu, Nakshi na Mkono wa Fundi

Kila Desemba shule zinapofungwa, familia nyingi za Nairobi na miji mingine ya bara hufunga virago kuelekea pwani. Januari hurudi na mchanga viatuni, na ndani ya mizigo mna vitu vya ukumbusho: twiga wa mbao aliyechongwa mbali kabisa na bahari, fulana yenye picha ya mnazi, kofia ya plastiki iliyotoka ng'ambo kwa meli. Hakuna ubaya wowote. Ila ni ajabu mtu kusafiri mamia ya kilomita kisha kurudi na kitu ambacho angekipata kwenye kibanda cha mtaani kwake.

Makala haya ni ya wale wanaotaka kurudi na kitu kingine, hata kama kitu chenyewe ni wazo tu. Wapo wanafunzi wanaosomea ubunifu wa mavazi au ujenzi, wanaotafuta mtindo usioigwa kutoka kwa magazeti ya Ulaya. Wapo pia akina mama na akina baba wanaouliza nyumba ya jijini ipambwe vipi msimu wa joto bila kumaliza mshahara. Jibu langu kwa wote ni moja: nendeni Lamu wakati wa kaskazi, mkatazame jinsi vitu vilivyotengenezwa kwa mkono vinavyokabiliana na jua. Karibu kila kitu cha asili utakachokiona pale, kuanzia ukuta hadi kofia, kilibuniwa na mtu aliyekuwa akitokwa jasho.

Safari yenyewe si ngumu kama zamani. Tangu 2017 kuna gari moshi la reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, na kutoka Mombasa mabasi hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Kipande hicho cha mwisho, kilichokuwa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, sasa kina lami. Ni busara kuulizia hali ya usalama wa barabara kabla ya kukata tiketi. Wenye uwezo hupanda ndege hadi kiwanja cha Manda. Kwa vyovyote vile, safari humalizikia majini, kwa kuwa Lamu ni kisiwa.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Novemba hivi hadi Machi. Ndio upepo ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, kabla ya kusi kugeuka na kuyarudisha. Mgeni akishuka gatini saa sita mchana, jua humpiga utosini kama deni. Lakini akiingia ndani ya mji hatua ishirini tu, mambo hubadilika. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni ndefu, na kivuli kimelala chini karibu kutwa nzima. Hata barabara kuu, ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui, haina nafasi ya gari. Punda akipita na mzigo wa mchanga, itakubidi ujibanze ukutani.

Mji huu wa kale uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka wa 2001. Wengi wakisikia hivyo hufikiria minara na makasri. Lakini Lamu ni mji wa watu wanaopika, wanaosoma na wanaogombana na majirani, na uzuri wake umejificha ndani ya nyumba. Nenda kwanza katika ile nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa kama makumbusho, upande wa Mkomani, uone jinsi ilivyojengwa.

Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Ni nene, kwa hiyo joto la mchana huchelewa kuingia. Katikati pana ua mdogo ulio wazi juu, unaoitwa kiwanda (neno ambalo humchekesha mtu wa Nairobi anayetarajia kuona moshi na mashine), ambapo hewa na mwanga huingilia. Dari imeshikwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko haukupi boriti ndefu ya kutosha kuziba ukumbi mpana, ndiyo maana vyumba vya kale vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita tatu hivi au pungufu. Kwa maneno mengine, aliyeamua upana wa sebule ni mti. Fundi alipokwisha kukubali amri hiyo ya mti, alitafuta njia ya kukifanya chumba chembamba kionekane kipana: akachimba zidaka ukutani, safu juu ya safu, zikapangwa sahani na vyombo, na jicho likadanganyika kwamba ukuta una kina.

Nilikuwa nimeandamana na binamu yangu, msichana anayesomea ubunifu wa mavazi. Alikaa sana mbele ya zidaka hizo akichora katika daftari. Aliniambia kwamba chuoni wanafundishwa kuanza na mchoro kisha kutafuta kitambaa, na hapa aliyejenga alianza na alichonacho. Nadhani hilo ndilo alilolifuata, ingawa mwenyewe alidhani amefuata picha za nakshi.

Sasa tuje kwenye ukindu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipobaki.

Kuna miti miwili inayofaa kujua. Mmoja ni mkindu, ambao majani yake hutoa ukindu laini wa kusukia mikeka ya kulalia, misala ya kuswalia, vipepeo vya kupepea moto au uso, na kawa za kufunikia chakula. Mwingine ni mkoma, ambao miaa yake ni migumu zaidi na husukiwa majamvi, makanda na vikapu vya kazi nzito. Majani machanga hukatwa kabla hayajafunguka sawasawa, huanikwa juani mpaka yapauke, kisha huchanwa nyuzi za upana mmoja. Yanayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa. Zamani rangi ilitoka porini na jikoni: mizizi ya mdaa kwa nyeusi, maganda ya mkandaa kwa wekundu wa hudhurungi, na manjano ya kupikia kwa rangi ya manjano. Siku hizi wasukaji wengi hununua rangi ya unga dukani kwa kuwa ni ya haraka na inang'aa. Mimi nitasema wazi kwamba napendelea zile za zamani. Rangi ya dukani hupiga kelele. Ile ya mizizi hukaa kimya na kuzeeka pamoja na mkeka.

Kisha ndipo kazi inapoanza. Mkeka hausukwi wote kwa mara moja kama kitambaa kwenye kitanda cha mfumi. Mwanamke husuka ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, akiuviringisha pembeni yake kadiri unavyorefuka. Husuka huku akizungumza, huku uji ukichemka, huku akimwongoza mtoto anayesoma. Ukili ukitosha, hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka upana upatikane. Ikiwa kuna maua au mistari yenye rangi, lazima msukaji awe ameshahesabu tangu mwanzo ni wapi rangi ya utepe huu itakutana na ya utepe ule. Hana karatasi wala rula. Hesabu yote iko kichwani na vidoleni.

Katika kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, tulipiga hodi kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameketi barazani na ukili mapajani.

"Shikamoo, mama," binamu yangu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, ketini kivulini."

Tulikaa. Tulipewa maji ya kunywa, tukaulizwa habari za bara na za wazee wetu, na baada ya muda mrefu ndipo mkeka mmoja ukakunjuliwa. Ulikuwa na mistari ya zambarau na kijani. Binamu yangu aliuliza bei, akaambiwa, na kama ilivyo desturi yetu sokoni, akakata karibu nusu. Yule mama hakukasirika. Alichukua ule ukili uliokuwa mapajani, akamwekea mkononi.

"Haya, nisukie dhiraa moja. Ukimaliza, utaniambia wewe bei."

Binamu yangu ni mwepesi wa vidole, lakini alihangaika nusu saa nzima, na alichopata hakikuzidi urefu wa kiganja. Tena kilikuwa kimepinda. Mama alikifumua bila kusema neno, akasuka tena, na mkono wake ulikwenda kama wa mtu anayetasbihi. Tulilipa bei aliyoitaja.

Sisemi kwamba mgeni asiulize punguzo. Kupatana bei ni sehemu ya mazungumzo ya pwani, na muuzaji mwenyewe hukutarajia ufanye hivyo. Lakini ni vyema kujua unachokikata. Mkeka wa plastiki wa dukani umetengenezwa na mashine, na ukikatiwa bei ni faida ya mwenye kiwanda inayopungua. Huu wa ukindu umebeba jioni nyingi za mtu mmoja. Tena mama huyo ana binti wawili na hakuna hata mmoja anayetaka kusuka. Mmoja yuko Mombasa dukani na mwingine anataka kusomea uuguzi. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kazi isiyolisha haiwezi kurithiwa, na macho yake yakarudi kwenye ukili.

Kofia nayo ni hadithi ya aina hiyo hiyo. Mtu wa bara huona kofia nyeupe ya Kiswahili na kudhani ni pambo la dini tu. Ichukue uitazame dhidi ya mwanga. Kofia ya viua imejaa matundu madogo, kila tundu likiwa limezungushiwa uzi kwa sindano, na matundu hayo ndiyo yanayochora maua na nyota. Kitambaa ni tabaka mbili, kwa hivyo hukaa wima bila kulegea, na kupitia viua hivyo kichwa hupumua. Kofia nzuri huchukua miezi kushonwa. Zile za mashine zinazouzwa rahisi zina mchoro wa matundu, lakini matundu yenyewe hayapo, na mvaaji hutambua tofauti hiyo saa saba mchana.

Tukiwa bado Matondoni, fuata mlio wa tezo mpaka ufukweni. Hapa mafundi hujenga na kukarabati mashua na majahazi bila ramani ya karatasi. Fundi huanza na mkuku, kisha huinua mbao, na jicho lake ndilo kipimo. Mataruma, zile mbavu za chombo, hazipindwi kwa moto wala mashine. Hutafutwa mti uliokwisha kupinda wenyewe kwa kiasi kinachohitajika. Nilimwona mzee mmoja akizunguka gogo kama anayemchumbia, akiinama, akifumba jicho moja, kabla ya kusema kwamba hilo litafaa tezi na si omo. Matundu hutobolewa kwa keekee, ile ya upinde na kamba. Nyufa hukalafatiwa kwa pamba iliyolowa mafuta.

Kabla ya vyombo vya misumari, pwani hii ilikuwa na mtepe, uliotumika hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi na tanga lake lilikuwa mkeka. Fikiria hilo: chombo kizima cha kuvukia bahari kutoka kwa miti michache na mkono wa mshonaji, bila chuma.

Na wasije wakakudanganya kwamba ufundi huu hauwezi jambo jipya. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu waliunda dau liitwalo Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na mijini. Plastiki iliyeyushwa ikafanywa mbao, zikakatwa na kuungwa kwa ujuzi ule ule wa kujengea mashua, na nje yake pakabandikwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mapema 2019 likasafiri hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Likionekana kwa mbali lina rangi kama kanga zilizoanikwa. Binamu yangu alipoona picha zake alisema hapo ndipo mtindo wa kiangazi ulipo, na sikuwa na la kumpinga.

Mikoko, ambayo imeshika dari za nyumba, haipatikani ovyo siku hizi. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mwaka wa 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na mwaka wa 2018 ukataji miti katika misitu ya umma ulisimamishwa kote nchini, wakataji wa Lamu wakakaa bila kazi kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa tena. Ukisikia bei ya boriti imepanda, kumbuka hayo kabla hujamlaumu muuzaji.

Nimeiacha milango mwisho kwa sababu ndiyo inayowatia wageni wazimu.

Mlango wa Kiamu una miimo miwili, kizingiti, mbao mbili za kufungua, na katikati yao mfaa unaofunika pengo. Nakshi hukaa kwenye miimo, kizingiti na mfaa: majani yanayopanda, waridi lililofunguka, minyororo. Hakuna sura ya mtu wala mnyama. Waongozaji wa watalii watakueleza maana ya kila ua, na kila mwongozaji ana maana yake. Mimi niliwasikiliza kwa adabu. Ninachokijua ni kwamba wachongaji walitazama mimea, na kwamba ipo mitindo inayotambulika: wa Kibajuni wenye michoro ya pembe pembe isiyochimbwa sana, na mwingine unaohusishwa na Muhamadi Kijumwa, mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa Lamu aliyefariki mwaka wa 1945. Ni nadra kumpata mtu mmoja aliyeweza kuandika utenzi na kuchonga mlango, na yote mawili yakadumu.

Katika duka moja la vitu vya kale nilisikia mtalii akiulizia mlango mzee, auweke uwe meza ya kulia chakula. Wapo wanaofanya biashara hiyo. Lakini Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 imeutaja mlango waziwazi: mlango au fremu yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka wa 1946 ni kitu kinacholindwa. Vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 navyo huhesabiwa mambo ya kale, na havitoki nchini bila kibali. Pembe za ndovu na magamba ya kasa usiviguse kabisa.

Nilikwenda kwa mchongaji mmoja upande wa Langoni, kijana wa miaka thelathini hivi, nikamuuliza alijifunza wapi. Alitaja jina la babake, kisha akanishika mkono akanipeleka nje, mpaka kichochoro cha tatu, akanionyesha mlango uliopauka ambao mwimo wake mmoja umeliwa na mchwa chini.

"Huu ndio mwalimu wangu," alisema. "Nikikwama, naja hapa na karatasi. Ulikuwapo mwingine pale mkabala. Uliuzwa."

Mkabala palikuwa na geti la chuma lililopakwa rangi ya buluu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye pesa za mlango ni kuagiza mpya. Mafundi wapo, patasi zipo, na mbao kama mbambakofi au mwembe hupatikana kwa bei tofauti. Utasubiri, na utalipa sehemu kabla. Mwenye pesa kidogo aagize kifremu cha kioo au kijisanduku chenye mstari mmoja wa nakshi. Cha zamani kiachwe kilipo, kwa sababu kijana huyo ana mdogo wake anayejifunza, na huyo naye atakwama siku moja.

Kwa wasioweza kusafiri mwaka huu, soko la Kariokor jijini Nairobi lina viondo vya mkonge na bidhaa za ngozi zinazotengenezwa na mafundi unaowaona kwa macho. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Agosti 28, 2017, kikapu kimerudi mikononi mwa watu, na si bibi vizee peke yao. Wazo la viua kwenye pazia la jikoni, au kawa badala ya karatasi ya nailoni juu ya sahani ya matunda, halihitaji nauli.

Anayekwenda Lamu avae nguo za heshima anapopita mjini, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na watoto waachwe wajaribu kusuka kipepeo kimoja. Mkeka ukishanunuliwa huviringishwa, haukunjwi, la sivyo ukili utavunjika kwenye kunjo. Ukichafuka unapanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo na kuanikwa kivulini. Ndani ya basi la Mombasa uwekwe juu ya mizigo mingine, na kondakta aambiwe mapema, kabla hajaupandishia gunia la maembe.